Asparaga katika Bustani ya Nyumbani: Zao la Subira na Nafasi Yake Bura, Taita

Utangulizi

Miongoni mwa mboga zinazokuzwa katika bustani za nyumbani nchini Kenya, iliyo mashuhuri zaidi imebeba falsafa yake katika jina lake. Sukuma wiki, kama jina linavyodokeza, ni mboga ya kusukumia wiki. Hupandwa, ikachumwa baada ya miezi miwili hivi, na humvusha mwenye nyumba hadi siku atakayopata fedha tena. Asparaga ni kinyume chake. Anayeipanda leo hatarajii kuila ipasavyo kabla ya mwaka wa tatu, lakini akiitunza vyema ataivuna kwa miaka kumi au zaidi pasipo kupanda upya. Tofauti hii ya wakati ndiyo kiini cha mjadala wa makala haya. Swali si iwapo asparaga inaweza kuota Bura tu, bali ni iwapo familia yenye kipande kidogo cha ardhi na maji ya kuchota ina sababu ya kuipa nafasi.

Ni vyema kubainisha mapema kuwa Bura inayozungumziwa si ile ya Tana River, iliyojulikana kwa mradi wake wa kunyunyizia mashamba maji. Ni Bura ya Taita, iliyo miguuni pa milima ya Taita magharibi mwa Mwatate, kando ya njia itokayo Voi kwenda Taveta. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao hapo mwaka 1892, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia reli ya kutoka Voi kuelekea Taveta ikapitishwa katika eneo hilo.

Jina na Asili ya Mmea

Neno asparaga limefika katika Kiswahili kwa njia ya Kiingereza, kutoka Kilatini, ambacho nacho kililitwaa kutoka Kigiriki. Waarabu, ambao wametupa majina ya vyakula vingi, huuita mmea huu hilyaun, lakini jina hilo halikushika mizizi katika Pwani yetu. Sababu si ngumu kuiona: kitu kisichopikwa hakiitwi. Katika mahoteli hutamkwa pia asparagasi. Umbo la asparaga ndilo linalotumika hapa kwa kuwa linaishia kwa irabu na kuingia bila taabu katika ngeli ya I-ZI: asparaga hii, asparaga hizi.

Mmea unaolimwa, ambao kisayansi huitwa Asparagus officinalis, asili yake ni Ulaya, Asia Magharibi na Afrika Kaskazini. Hata hivyo, ukoo wake si mgeni kwetu. Vichaka vya Afrika Mashariki vina jamaa zake kadhaa wa mwituni, kama Asparagus africanus, Asparagus falcatus na Asparagus racemosus. Hii ni mimea ya miiba, yenye kutambaa, maua madogo meupe na mizizi minene inayohifadhi maji. Huyu wa mwisho ndiye anayeheshimiwa sana katika tiba ya jadi ya Uhindi kwa jina la shatavari. Jamaa mwingine, Asparagus setaceus, wengi wamemwona pasipo kumtambua: ni yale majani laini kama unyoya yanayofungwa pamoja na maua ya arusi. Kwa hivyo ardhi ya Taita haikutani na mtu baki kabisa. Inakutana na binamu aliyekulia ng'ambo.

Sehemu inayoliwa ni chipukizi changa, linalotoka ardhini likiwa limesimama wima kama ncha ya mkuki. Likiachwa bila kukatwa, hurefuka hadi kimo cha mtu, likatawanya matawi na kuvaa vijitawi vyembamba kama sindano. Vijitawi hivyo ndivyo vinavyofanya kazi ya majani. Majani halisi ya asparaga ni yale magamba madogo yanayoonekana juu ya chipukizi. Chini ya ardhi mna kitako kinachotoa machipukizi, na kutoka hapo hutawanyika mizizi minene inayoweza kushuka zaidi ya mita moja. Mizizi hii ni ghala. Chakula kinachotengenezwa na vijitawi huhifadhiwa humo, na ndicho kinachosukuma machipukizi ya msimu ujao. Anayeielewa kanuni hii moja ameelewa nusu ya kilimo cha asparaga: kila chipukizi linalokatwa ni deni kwa ghala, na kila shina linaloachwa likue ni malipo.

Mazingira ya Bura

Taita ina sura mbili. Juu milimani, ambako kilele cha Vuria kinafikia mita 2,208, kuna ukungu, ubaridi na chemchemi; huko Wundanyi na Werugha hulimwa kabeji, nyanya na mboga nyingine zinazouzwa hadi Mombasa. Chini, kuelekea Voi na nyika ya Tsavo, mvua ni kama milimita 550 kwa mwaka, nayo si ya kutegemewa. Bura imekaa mpakani mwa sura hizo mbili. Hupata maji yanayoteremka kutoka milimani, lakini jua lake ni la nyikani.

Mvua huja mara mbili: masika kati ya Machi na Mei, na vuli katika Novemba na Desemba. Katika nyanda za chini za Taita ni vuli inayoaminika zaidi. Kati ya misimu hiyo kuna kiangazi kifupi chenye joto kali mwanzoni mwa mwaka, na kiangazi kirefu chenye ubaridi kiasi kuanzia Juni hadi Oktoba.

Je, hali hii inaifaa asparaga? Katika nchi za baridi mmea huu hulala wakati wa kipupwe na kuamka majira ya kuchipua. Mahali pasipo na baridi hauna kinachoulaza, na ukichipua mfululizo pasipo kupumzika huchoka. Wakulima wa nchi za joto wametatua tatizo hilo kwa njia mbili. Ya kwanza, inayotumika Thailand na Taiwan, ni ya shina mama: kila mmea huachiwa mashina matatu hadi matano yakue na kulisha mizizi, na machipukizi mengine hukatwa; baada ya miezi michache mashina mama yaliyozeeka huondolewa na mapya kuachwa yachukue nafasi. Njia ya pili hutumika katika jangwa la pwani ya Peru. Huko mkulima hukatiza maji kwa makusudi, mashina yakawa manjano, mmea ukalala. Kisha huyakata na kurudisha maji, na machipukizi hutoka kwa wingi. Ukame huchukua nafasi ya baridi.

Njia hii ya pili inaafikiana na kalenda ya Bura. Kiangazi kirefu kinaweza kuwa usingizi wa mmea, na vuli ikawa kengele ya kuuamsha.

Kuandaa Tuta na Kupanda

Mbegu huanzwa katika kitalu mwezi wa Julai, ili miche iwe tayari vuli inapoanza. Kwanza zilowekwe kwa siku moja, kwa kuwa ganda lake ni gumu. Kisha zitiwe katika pakiti za maziwa zilizotobolewa chini na kujazwa udongo uliochanganywa na mboji, kina cha sentimita 1 au 2. Huota baada ya wiki mbili hadi sita. Mkulima asikate tamaa mapema akazimwaga.

Wakati miche inakua, tuta liandaliwe. Kazi hii haitapata nafasi ya kurudiwa, kwani asparaga ikishashika, jembe haliingii tena pasipo kuumiza mizizi. Adui wa kwanza ni ndago. Vitunguu vyake vidogo vikiachwa ardhini vitakula pamoja na asparaga kwa muda wote wa maisha yake. Tuta lipigwe jembe mara mbili au tatu kwa kuacha majuma katikati, na kila kinachochipuka king'olewe na mzizi wake.

Udongo uwe wa kichanga au tifutifu, unaopitisha maji. Mahali maji yanapotuama pasitumiwe, kwani kitako huoza. Asparaga haipendi udongo wenye asidi nyingi. Majivu kidogo ya jikoni husaidia. Ichimbwe mitaro ya kina cha sentimita 20 hadi 30, iwekwe samadi ya mbuzi au ya ng'ombe iliyooza vizuri, kisha katikati ya mtaro ujengwe mgongo mdogo wa udongo. Mche huketishwa juu ya mgongo huo, mizizi ikitandazwa kila upande. Nafasi kati ya mche na mche iwe sentimita 45, na kati ya mstari na mstari mita 1.2. Mizizi ifunikwe kwa udongo wa sentimita 5 tu. Kadiri mmea unavyorefuka ndivyo mtaro unavyojazwa, hadi ulingane na ardhi. Hatimaye tuta lifunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu, ambayo huzuia jua kunyonya unyevu na huzuia magugu.

Kutunza na Kuvuna

Katika mwaka wa kwanza hakuna kinachokatwa. Mwaka wa pili, mmea ukiwa na nguvu, waweza kuchumwa kwa wiki mbili tu. Mwaka wa tatu ndipo mavuno kamili ya wiki sita hadi nane yanapoanza, na mzunguko wa mwaka waweza kupangwa hivi. Novemba na Desemba ni wakati wa kuvuna. Kuanzia Januari hadi Juni mashina yote huachwa yakue, yakisaidiwa na masika. Katika joto la Januari na Februari yanyunyiziwe maji. Julai maji hukatizwa. Mashina yakishakauka hukatwa karibu na ardhi na kuondolewa, na kabla ya vuli tuta hupewa samadi mpya.

Chipukizi huvunwa likiwa na urefu wa sentimita 18 hadi 20, ncha yake ikiwa imefumba. Ikishafumbuka, utamu umepungua na nyuzi zimekomaa. Likatwe asubuhi kwa kisu kikali, usawa wa ardhi au chini kidogo, kwa uangalifu ili kisu kisijeruhi yanayofuata. Katika joto huenda mkulima akalazimika kuvuna kila siku. Machipukizi yakishakatwa husimamishwa katika maji kidogo, kivulini, yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa kibichi. Yakilazwa juani hugeuka kuti kabla ya jioni.

Maadui ni wale wanaojulikana na kila mwenye bustani: sota wanaokata machipukizi usiku, vidukari, utitiri wakati wa ukame, na mchwa wanaovutwa na matandazo. Mbaya kuliko wote ni ukungu wa udongoni unaoozesha mizizi. Dawa yake ni kinga, yaani tuta lisilotuamisha maji na miche isiyotoka mahali palipoambukizwa. Jambo jingine ni kuwa asparaga ina mimea dume na mimea jike. Mimea jike huzaa matunda madogo mekundu yanayovutia macho ya watoto. Hayaliwi, huumiza tumbo. Yachumwe mapema, pia kwa sababu yakianguka huotesha miche isiyotakiwa.

Jikoni asparaga haina mambo mengi. Sehemu ngumu ya chini huvunjwa, kisha machipukizi huchemshwa kwa dakika tatu hadi tano, au hukaangwa na kitunguu, au hutiwa katika tui kama mboga nyingine yoyote. Zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, lakini ina foleti, ambayo wajawazito huihitaji, na vitamini K. Mkojo wa aliyeila huweza kunuka kwa namna ya ajabu. Hilo si ugonjwa. Ni salfa iliyomo katika mboga yenyewe.

Hesabu ya Maji

Hapa ndipo hoja inapokuwa nzito. Tuchukue tuta la miche 20, lenye urefu wa mita 9. Kila mche ukipewa lita 4 mara mbili kwa wiki, tuta litahitaji lita 160, yaani jerikani nane za lita 20 kwa wiki. Tukitoa wiki 17 za mvua, zinabaki wiki 35, ambazo ni jerikani 280 kwa mwaka. Miaka miwili ya mwanzo, ambayo haina mavuno ya maana, itakuwa imemeza jerikani 560. Mmea ukishakomaa na kuzoezwa kulala, mahitaji hushuka hadi chini ya jerikani 100 kwa mwaka. Shina lililokomaa na kutunzwa vyema hutoa robo kilo hadi nusu kilo kwa mwaka, kwa hivyo tuta zima litatoa kilo 5 hadi 10.

Jerikani hizo zina mbebaji. Katika nyumba nyingi mbebaji huyo ni mama au binti yake. Maji yale yale yangeweza kuotesha mchicha, mnavu au kunde, ambazo huliwa mwezi ule ule. Kumshauri mama wa nyanda za chini ang'oe mchicha apande asparaga kwa sababu hupendwa mahotelini ni kumpa ushauri ambao mshauri mwenyewe hangeufuata.

Peru inatoa onyo kubwa zaidi. Katika bonde la Ica asparaga ya kuuza ng'ambo ilileta ajira na fedha za kigeni, lakini mashamba makubwa yalivuta maji ya ardhini kwa kasi kuliko yalivyoweza kurudi, na visima vya wakulima wadogo vikakauka. Zao linalofaa bustani si lazima lifae jangwa zima.

Hata hivyo, hesabu hii haiifungii asparaga mlango. Miche mitano hadi kumi, iliyopandwa palipo karibu na bafu, inaweza kuishi kwa maji ya kuogea na ya kuoshea mboga, mradi yasiwe na sabuni kali. Zaidi ya hayo, asparaga ni miongoni mwa mboga zinazostahimili chumvi kuliko nyingi. Katika nyanda za chini za Taita Taveta, ambako visima kadhaa hutoa maji ya chumvi, sifa hiyo si ndogo. Kwa ukaribu wake na nyumba, tuta hilo pia ni rahisi kulilinda. Shamba la mahindi lililo mbali likiweza kufagiliwa na ndovu wa Tsavo kwa usiku mmoja, mimea iliyo kando ya ukuta wa jikoni ina walinzi.

Kuhusu soko, tahadhari ni bora kuliko ahadi. Msimu wa vuli unaafikiana na Desemba, wakati hoteli za kitalii za Taita na za Pwani zinapokuwa na wageni wengi. Lakini hoteli hutaka mzigo wa uhakika na wa ukubwa mmoja, ambao tuta moja haliwezi kutoa. Majirani kadhaa wakipanda pamoja na kuafikiana na mnunuzi kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna, hapo biashara inawezekana.

Ardhi na Zao la Kudumu

Kuna sharti jingine ambalo vitabu vya kilimo hulipita. Zao la miaka kumi humhitaji mkulima mwenye hakika kuwa baada ya miaka kumi atakuwa pale pale. Katika sehemu nyingi za Pwani ya Kenya, maskwota waliruhusiwa kulima mazao ya msimu lakini walikatazwa kupanda miti ya kudumu, kwa kuwa mnazi au mwembe ni ushahidi wa umiliki. Taita Taveta ina jeraha lake katika suala hili: zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948, na nyingine kubwa ni mashamba ya mkonge na ranchi. Anayelima kipande asichokuwa na hati yake huchagua sukuma wiki si kwa kukosa subira, bali kwa sababu subira yake haina dhamana. Kwa hiyo, mtu anapomwona jirani akichimba mtaro wa asparaga, ajue kwamba jirani huyo anasema jambo kuhusu ardhi yake pia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa asparaga inaweza kupangiwa kalenda ya Bura kwa kuutumia ukame kama usingizi wa mmea. Yameonyesha pia kuwa haifai kuchukua nafasi ya mboga za kila siku. Inafaa kuwa mgeni wa pembeni, wa mashina machache, anayekunywa maji yaliyokwisha kutumika. Wahenga walinena kuwa subira huvuta heri, lakini subira nayo huhitaji maji na ardhi.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna wajibu wa ziada. Kitako, shina mama, usingizi wa mmea: haya ni maneno ya kawaida yanayoweza kubeba maarifa ya kilimo bila kumlazimu mkulima kupitia lugha nyingine. Aidha, wazee wa Kidawida na wa Kisagalla wanaoijua mimea ya vichakani wanazidi kupungua. Kukusanya majina wanayowapa jamaa wa mwituni wa asparaga, pamoja na matumizi yake, ni kazi ambayo mwanafunzi anaweza kuianza likizo ijayo, akiwa na daftari, kalamu na adabu ya kusikiliza. Kazi hiyo haiwezi kungoja miaka mitatu.